Jukwaa si Chuo cha Utawala

Kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, hekima moja hutolewa kabatini na kupanguswa vumbi: kwamba kampeni ndiyo chuo cha uongozi. Mgombea aliyezunguka nchi nzima, akaandika ilani nene, akaunda kamati za wataalamu na kukusanya vyama kumi chini ya mwavuli mmoja, huyo, tunaambiwa, amekwisha kuiva. Akiapishwa Jumanne, Jumatano ataanza kazi. Wachambuzi wa televisheni husema hivyo wakiwa ndani ya suti, wapambe husema kwa kipaza sauti, na mpiga kura aliyechoka husema kwa matumaini: "Angalau huyu ana mpango."

Hoja hiyo si ya kijinga, na inastahili kuelezwa vizuri kabla ya kukataliwa. Inasema hivi. Mikutano ya hadhara humtoa mwanasiasa Nairobi au Dodoma na kumlazimisha asikie shida za watu kwa masikio yake. Ilani humlazimisha kugeuza matamanio kuwa sera. Kuendesha kampeni ya nchi nzima, yenye maelfu ya watu, helikopta, mawakala wa kila kituo na ratiba isiyosamehe, ni kuendesha taasisi kubwa. Anayeiweza hiyo ataiweza serikali. Mapatano ya vyama humpa kikosi kilichokwisha kuzoeana. Kura nyingi humpa nguvu ya kutekeleza. Na serikali ikikwama baadaye, basi maandalizi yalikuwa haba, na dawa yake ni kampeni iliyopangwa vizuri zaidi.

Mimi nasema kinyume. Kampeni ni mazoezi ya kuahirisha. Kwa miezi na miaka, mgombea hujifunza kuahirisha swali la nani atalipa, swali la nani ataachwa, na swali la kipi kitangoja. Utawala huanza siku ambayo maswali hayo yanakataa kuahirishwa tena. Aliyebobea katika lile la kwanza hajasogea hata hatua moja kulielekea la pili. Amekuwa hodari tu wa kulikwepa.

Nitautumia zaidi mfano wa Kenya ya 2022, kwa sababu ndio unaowafaa zaidi ninaopingana nao. Ni vigumu kumtaja mgombea wa Afrika Mashariki aliyejiandaa kuliko William Ruto. Alikuwa Naibu Rais tangu 2013. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga kupeana mikono Machi 2018, alianza safari ya kuomba kura iliyodumu miaka minne. Alikuwa na falsafa iliyoeleweka hata na mtoto, ya kuujenga uchumi kuanzia chini, na toroli kama nembo. Timu yake ilifanya vikao vya uchumi katika kaunti, ikazindua ilani Juni, na Agosti akatangazwa mshindi kwa kura 7,176,141. Kama kampeni na mipango humwandaa mtu kutawala, basi serikali iliyofuata ilipaswa kuwa mfano wa kufundishia. Na kweli imekuwa mfano wa kufundishia.

1. Kuizunguka nchi si kuijua

Kikao cha kampeni kina swali moja: mnataka tuwafanyie nini? Wakulima wanataka bei, wafugaji wanataka soko, waendesha bodaboda wanataka mikopo isiyowanyonga, Pwani inataka bandari yake. Kila mmoja husikilizwa na kila mmoja huandikwa. Swali la pili, ambalo ndilo la utawala, halina nafasi pale: je, mko tayari kukosa nini ili mwenzenu apate?

Chukua bandari. Mombasa ilikuwa imelalamika tangu mizigo ilipoamriwa kupanda reli ya SGR hadi Nairobi na Naivasha, wenye malori na maghala wakabaki mikono mitupu. Siku ileile ya kuapishwa kwake, 13 Septemba 2022, rais mpya alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa. Pwani ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini reli ile ilijengwa kwa mikopo ya China ya zaidi ya dola bilioni 3, na mizigo ilisukumwa ndani ya treni kusudi treni ipate mapato. Mkopo hauhudhurii mkutano wa hadhara. Haupigi vigelegele, haupigi kura, na hauna diwani wa kuusemea. Ndiyo maana mgombea anaweza kuzunguka kaunti zote 47 asikutane nao hata mara moja, kisha akakutana nao kila asubuhi akiwa Ikulu.

Au mchukue mwendesha bodaboda, aliyesikilizwa kuliko mtu mwingine yeyote katika kampeni ile. Siku moja baada ya kiapo, mamlaka ya kawi ilitangaza bei mpya: petroli Nairobi ilipanda kwa zaidi ya shilingi 20, hadi 179.30 kwa lita, kwa kuwa ruzuku yake imeondolewa. Mwaka uliofuata, Sheria ya Fedha ikapandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Nakubali kwamba ruzuku ile ilikuwa mzigo mzito, na Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa likitaka iondolewe hata kabla ya watu kupiga kura. Lakini kukubali huko ndiko kunakoivunja hoja ya watetezi. Ikiwa jambo lilijulikana kabla, mbona mtu wa bodaboda alikuwa wa mwisho kuambiwa, na mbona aliambiwa na pampu?

Watasema kusikiliza kunamfundisha kiongozi huruma. Huenda. Ila huruma bila kuulizana nani atakosa ni ukarimu wa kugawa mali ya watu wasiokuwepo.

2. Ilani ni orodha isiyo na bei

Nguzo ya pili ya hoja ile ndiyo inayopendwa zaidi na wasomi: ilani. Kwamba imeandikwa, basi ni mpango. Kwa kipimo hicho hata barua ya mtoto kwa mjomba aliye Ulaya ni mpango.

Mwaka 2002 muungano wa NARC uliwaahidi Wakenya ajira 500,000 kila mwaka na katiba mpya ndani ya siku 100. Katiba ilitangazwa rasmi 27 Agosti 2010, baada ya rasimu moja kukataliwa katika kura ya maoni ya 2005 na baada ya damu kumwagika kufuatia uchaguzi wa 2007. Waandishi wa ahadi ile hawakukosa nia njema. Walichokosa ni jibu la swali jepesi: katiba itakayopunguza madaraka ya rais itapitishwaje haraka na watu ambao ndio kwanza wameyapata madaraka hayo? Jibu hilo halingewapa kura, kwa hiyo halikutafutwa.

Mwaka 2013 Jubilee iliahidi kompyuta ya mapajani kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ikaja zabuni iliyobishaniwa hadi ikafutwa, ikaonekana kwamba shule nyingi hazina umeme na walimu wengi hawajafunzwa, na kufika 2016 kompyuta zilikuwa zimegeuka tabuleti. Ilani ilikuwa na kompyuta. Haikuwa na soketi.

Najua nitakavyojibiwa: vipi kuhusu elimu ya msingi bila malipo? Ahadi ile ya NARC ilitimizwa papo hapo. Mwai Kibaki aliapishwa 30 Desemba 2002, na shule zilipofunguliwa Januari watoto wa ziada zaidi ya milioni moja waliingia madarasani. Sibishi kwamba walistahili kuingia. Nauliza nani alilipa pengo kati ya tangazo na matayarisho. Watoto waliongezeka kwa juma moja; walimu, vyoo na madawati havikuongezeka kwa juma moja. Mwalimu aliyejikuta mbele ya umati wa watoto katika chumba kilichojengewa wachache, ndiye aliyepanga kile ambacho kampeni haikukipanga. Hata ahadi iliyotimia, ukiichunguza, inaonyesha kwamba mpango ulianza baada ya ushindi, na ulianzia kwa mtu asiyehusika kuuandika.

Tena ilani ina upofu wa ajabu: huorodhesha kitakachotolewa, kamwe haiorodheshi kinachodaiwa. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani ya Eurobond ambayo ilikuwa lazima ilipwe Juni 2024. Tarehe hiyo ilikuwa wazi miaka minane kabla ya uchaguzi wa 2022. Yeyote aliyetaka kutawala muhula ule alijua itaangukia mikononi mwake. Haikuimbwa jukwaani. Februari 2024 serikali ikalazimika kukopa upya dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili kuipunguza. Na Juni ileile ya deni ndiyo Juni ya Mswada wa Fedha uliotaka kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi kutoka kwa wananchi. Vijana wakajaa barabarani, tarehe 25 wakaingia Bungeni, makumi ya watu wakauawa katika maandamano ya majuma yale, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia saini mswada wa serikali yake mwenyewe. Wahenga waliposema ahadi ni deni, walimaanisha aliyeahidi ndiye mdaiwa. Siasa zetu zimegundua utaratibu bora zaidi: ahadi ni ya mgombea, deni ni la aliyeahidiwa.

3. Helikopta hazifundishi bajeti

Nguzo ya tatu inasema kuendesha kampeni ni kuendesha taasisi. Ni kweli, ila ni taasisi ya namna gani? Ni ile yenye siku moja ya mwisho, kipimo kimoja cha mafanikio, na watumishi wanaokubaliana nawe wote, maana wasiokubaliana wamekwisha kuhamia kambi ya pili. Serikali haina hata kimoja kati ya hivyo.

Lakini tofauti kubwa iko kwenye fedha. Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu 2013. Chaguzi za 2017 na 2022 zilifanyika bila viwango vya matumizi vilivyokusudiwa na sheria hiyo kutumika, kwa kuwa wabunge walihakikisha kanuni zake hazipiti. Kwa hiyo hiki kinachoitwa chuo cha usimamizi ni mahali ambapo pesa huingia bila risiti, hutoka bila hesabu, na hakuna mkaguzi anayebisha hodi. Kisha tunashangaa mhitimu wake akikasirishwa na Mkaguzi Mkuu.

Serikalini fedha hazitoki Hazina bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Kuna Bunge, kuna Tume ya Utumishi wa Umma, kuna vyama vya wafanyakazi, kuna kaunti zenye mgao wao wa kikatiba, na kuna mahakama. Jukwaani husemwa, "Tutafanya!" Serikalini huulizwa, "Kwa sheria ipi?" Serikali ya Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ilijifunza tofauti hiyo darasani kwa majaji. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema tozo ya nyumba haikufuata katiba, na ikabidi itungwe sheria nyingine. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Sheria nzima ya Fedha ya 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Oktoba. Kwa miezi kadhaa nchi ilikuwa na bajeti ambayo uhalali wa msingi wake ulitegemea rufaa. Mikutano ya hadhara mia tano isingemwandaa mtu kwa hilo. Adhuhuri moja akiwa na mwanasheria mkweli ingetosha, lakini mwanasheria mkweli si mtu wa kumpandisha jukwaani.

4. Kikosi cha kushinda ni orodha ya wadai

Tunaambiwa muungano wa kampeni humpa kiongozi timu tayari. Tuitazame timu hiyo kwa karibu.

Mapatano ya Kenya Kwanza yaliahidi vyama vya ANC na Ford-Kenya asilimia 30 ya serikali, na kiti cha Spika wa Bunge la Kitaifa kikatengewa Moses Wetang'ula hata kabla wabunge hawajachaguliwa. Musalia Mudavadi akapewa cheo cha Mkuu wa Mawaziri, ambacho ukikitafuta ndani ya katiba utachoka bure. Bado waliobaki nje walikuwa wengi, hasa walioshindwa ubunge na ugavana wakiwa upande wa washindi. Wakatafutiwa nafasi 50 za makatibu waandamizi wa wizara. Julai 2023 Mahakama Kuu ikasema uteuzi wote ni batili. Hawa hawakukusanywa kwa kuwa nchi ilikuwa na kazi 50 zilizokosa watu. Walikuwa watu 50 waliokosa kazi.

Aliyelisema jambo hili kwa uwazi alikuwa Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, alipoifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa, waliowekeza wakiwa wa kwanza kuvuna. Alikemewa sana. Kosa lake lilikuwa nini hasa? Alisoma kwa sauti kile ambacho watetezi wa kampeni hukiita kikosi kilichozoeana. Oktoba 2024 yeye mwenyewe aliondolewa madarakani na Seneti, kwa hisa zake zote.

Kabla ya hapo, 11 Julai 2024, rais alikuwa amewatimua mawaziri wote isipokuwa Mudavadi. Baadhi walirudishwa, lakini nafasi nyingine zikaenda kwa vigogo wa ODM, chama alichokishinda. Wizara ya Fedha, moyo wenyewe wa ule mpango wa kuujenga uchumi kuanzia chini, ikakabidhiwa John Mbadi, mwenyekiti wa chama hicho. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Miaka minne ya maandalizi ilizaa baraza ambalo halikufikisha miaka miwili, na funguo za Hazina zikaishia kwa mtu aliyezunguka nchi nzima akiwaambia watu wasiuchague mpango huo. Kama huku ndiko kuandaliwa, kutoandaliwa kunafananaje?

5. Asilimia hazitawali

Nguzo ya tano ni ya hesabu: ushindi mnono humpa kiongozi nguvu. Kwa hili tuvuke mpaka.

Desemba 2005 Jakaya Kikwete alishinda urais wa Tanzania kwa asilimia 80.28. Nyuma yake kulikuwa na ule mtandao maarufu ndani ya CCM, uliosuka safari yake kwa miaka mingi; mbele yake kulikuwa na kaulimbiu ya Ari Mpya, Nguvu Mpya, Kasi Mpya. Mwaka 2006 ukame ukayakausha mabwawa na nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Kati ya zile nguvu mpya hakuna iliyokuwa imepimwa kwa megawati. Ndani ya haraka hiyo ndipo ulipotiwa saini mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond, na Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa, mmoja wa wasukaji wakuu wa mtandao ule, akajiuzulu na baraza zima likavunjika. Mashine bora ya kampeni iliyopata kuonekana nchini iliangushwa na mashine za kuzalisha umeme.

Kilichofuata ni cha kuangaliwa zaidi. Mwaka 2013, karibu miaka minane baada ya kuingia Ikulu, serikali hiyohiyo ilizindua Matokeo Makubwa Sasa, utaratibu uliojifunzwa Malaysia wa kuchagua sekta chache, kuweka malengo na kuyafuatilia. Yaani ile kazi ya kuchagua vichache na kuacha vingine, ambayo tunaambiwa kampeni humaliza mapema, ilianza rasmi katika muhula wa pili, na walimu wake walitafutwa ng'ambo.

Sasa linganisha miaka miwili ya mtu mmoja. Samia Suluhu Hassan aliapishwa 19 Machi 2021 baada ya kifo cha John Magufuli. Alikuwa mgombea mwenza, hakuwa ameomba urais mwenyewe, na wengi walisema mtu asiye na kura zake hatakuwa na ubavu wa kubadili lolote. Miezi minne baadaye nchi ambayo ilikuwa imeacha hata kutangaza takwimu za korona ilimwona rais wake akichanjwa hadharani. Songa hadi Oktoba 2025. Safari hii alikuwa na kampeni yake, ilani yake na ushindi uliotangazwa kuwa karibu asilimia 98, huku kiongozi wa chama kikuu cha upinzani akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Muhula huo wa ushindi mnono ulianza na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, intaneti ikiwa imezimwa na watu wakiwa wameuawa mitaani. Wanaoamini kwamba asilimia ndizo nguvu za kutawala watuambie ni mwaka upi kati ya hiyo miwili zilikuwepo.

6. Miaka minne ya kuomba, siku nane za kupokea

Wamebaki wale waungwana wanaosema: tatizo si kampeni, ni mipango ya mpito, tupange vizuri makabidhiano na yote yatanyooka. Hapo nakubaliana nao nusu, kisha nawakumbusha kalenda.

Kenya hupiga kura Agosti. Mwaka wa fedha umeanza Julai mosi. Kwa hiyo anayeapishwa Septemba hutawala karibu mwaka mzima kwa bajeti ya mtu mwingine. Mwaka 2022 bajeti hiyo, ya zaidi ya shilingi trilioni 3, ilisomwa tangu Aprili na waziri wa serikali iliyokuwa inafunga virago. Kukiwa na kesi, katiba inataka mshindi aapishwe Jumanne ya kwanza baada ya siku saba tangu uamuzi wa mahakama. Mahakama ya Juu iliamua 5 Septemba. Kiapo kikawa tarehe 13. Siku nane. Nchi iliyompa mtu miaka minne ya kujifunza kupunga mkono kupitia paa la gari, ilimpa siku nane za kupokea wizara, madeni, mikataba na majasusi, na sehemu ya siku hizo ilitumika kupanga viti katika uwanja wa Kasarani. Ipo hata sheria ya 2012 ya kushika madaraka ya urais, na kamati yake. Lakini sura yake tunayoikumbuka wote ni gwaride, mizinga na orodha ya wageni.

Kwa nini hakuna anayedai kalenda ibadilike? Kwa sababu tumeamini kwamba maandalizi yamekwisha kufanyika jukwaani. Hii ndiyo gharama iliyofichika kuliko zote. Imani kwamba kampeni imemwandaa kiongozi ndiyo inayotufanya tusijenge mahali pengine popote pa kumwandaa.

Tudai nini

Sisemi kampeni zifutwe. Kampeni ni njia ya kuchagua, na taifa lisilochagua lina matatizo makubwa kuliko haya. Nasema tuache kuipa sifa ya kazi isiyoifanya, na tuwadai wagombea kazi ile hasa wanayoikwepa.

Kenya itarudi kwenye debe Agosti 2027, na misafara imekwisha kuanza kuziba barabara. Atakayesimama juu ya gari aulizwe mambo manne. Ni madeni yapi yataiva ndani ya muhula wako, lipi mwezi gani, na kila moja utalilipa na nini? Ni mambo gani matatu mazuri ambayo hutayafanya kwa kukosa fedha, na ni kaunti zipi zitakazoyakosa, kwa majina? Nani atashika Hazina, tumhoji sasa na si baada ya kiapo? Na mapatano yote ya muungano wako, kuanzia asilimia hadi viti vya spika na ubalozi, yako wapi tuyasome? Asiye na majibu hajajiandaa, hata kama viatu vyake vina vumbi la kaunti zote.

Najua jibu lake kabla halijatolewa, maana ndilo jibu la kila mshauri wa kampeni ninayemjua: mgombea atakayejibu maswali hayo kwa ukweli atashindwa uchaguzi. Huenda wana haki. Lakini wakisema hivyo, wao ndio wamekwisha kuimaliza hoja yangu kwa niaba yangu. Wamekiri kwamba kampeni humwadhibu anayejiandaa kutawala na kumzawadia anayeahirisha. Basi wachague moja: ama waache kuiita chuo cha uongozi, ama watuambie ni chuo gani hiki kinachomfukuza kila mwanafunzi anayefungua daftari.